Nyumba Iliyomngoja Ilyas

Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyochapishwa mwaka 2020, inasimulia habari za nyumba moja katika mji mdogo wa pwani ya Tanganyika, tangu enzi za Mjerumani hadi miaka ya mwanzo ya uhuru. Mji huo haukutajwa jina. Una bandari ndogo, maduka ya Wahindi, ghala za wafanyabiashara, msikiti, na barabara inayoelekea kwenye mashamba ya mkonge. Msomaji wa pwani ataufananisha na miji mingi anayoijua. Mwandishi wake alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Riwaya hii inashika uzi ulioachwa na riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mwishoni mwa Peponi, kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Afterlives inaeleza mambo yanayoweza kumpata kijana wa namna hiyo akishaingia jeshini, na yanayowapata watu wanaobaki nyumbani.

Jambo la kwanza la kuliangalia ni jinsi nyumba hiyo ilivyoundwa. Watu wanaoishi ndani yake wanaitana kwa majina ya jamaa, wanakula sinia moja na kuuguzana, lakini wengi wao hawakuzaliwa tumbo moja wala ukoo mmoja. Mmoja aliletwa na kazi, mwingine na deni, mwingine na kipigo, na wa mwisho aliletwa na jeraha la vita. Ukoo wa damu ulikuwa umeshavunjwa kabla hadithi haijaanza, na watu hawa wakaunda mwingine kwa mabaki yaliyokuwepo.

Kuvunjwa huko kuna historia yake. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuipinga kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutawala bandari zao. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kikosi kilicholetwa kuyazima mapambano hayo, chenye askari wengi waliochukuliwa Misri wakiwa na asili ya Sudani, pamoja na Washangaan kutoka Msumbiji, ndicho kilichogeuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Jeshi hilo lilipigana vita baada ya vita kuelekea bara, na kati ya 1905 na 1907 likaizima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na ghala za chakula, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kufika 250,000 hadi 300,000. Adhabu ya utawala huo, viboko ishirini na vitano, ilipata jina lake katika Kiswahili: hamsa ishirini.

Katika miaka hiyohiyo ya Maji Maji, mbali kidogo na moto wenyewe, Khalifa anamwoa Bi Asha. Khalifa ni karani, mtoto wa baba Mgujarati na mama Mwafrika, na amehamia kwenye mji huo kumfanyia kazi mfanyabiashara aitwaye Amur Biashara. Bi Asha ni mpwa wa tajiri huyo. Ndoa yao imepangwa na Amur, na ndani yake mna deni. Baba wa Bi Asha aliwahi kukopa kwa Amur na kuiweka nyumba yake dhamana. Bi Asha anaamini nyumba ni yake kwa haki ya urithi, bali makaratasi yanasema vingine. Amur anapofariki, mali yote inamwangukia mwanawe Nassor, na nyumba imo katika hesabu. Mume na mke wanaendelea kukaa humo, na kinyongo kinakaa pamoja nao. Hawakujaaliwa mtoto. Kwa hiyo nyumba itakayobeba hadithi nzima inaanza bila mrithi, na hata umiliki wake una utata.

Ilyas anafika mjini akiwa kijana mwenye kazi nzuri katika shamba la mkonge la Mjerumani. Anakifahamu Kijerumani na kukisoma, jambo la kushangaza kwa mtu wa rika lake. Alitoroka nyumbani akiwa mtoto, akanyakuliwa na askari wa Schutztruppe, akapelekwa milimani. Mjerumani mwenye shamba la kahawa alimtoa mikononi mwao na kumpeleka shule ya misheni. Ndiyo sababu Ilyas hataki kusikia neno baya juu ya Wajerumani. Khalifa na wenzake wanapoyahesabu maovu ya serikali barazani, yeye husema kwamba kwake walikuwa wema tu. Riwaya haimdhihaki kwa hilo. Inaonyesha kwamba mtoto aliyeibwa, kisha akalishwa na kusomeshwa na haohao walio upande wa mwizi wake, anaweza kubaki na shukrani inayomziba macho hadi mwisho wa maisha.

Kwa kushauriwa na Khalifa, Ilyas anarudi kijijini kwao. Anakuta wazazi wamefariki na mdogo wake wa kike, Afiya, ambaye hakuwahi kumwona, analelewa na watu anaowaita mjomba na shangazi. Malezi yenyewe ni utumwa mtupu, kwani mtoto anatumikishwa na kulala chini. Ilyas anamchukua, anaishi naye mjini, anamnunulia nguo na kumfundisha kusoma na kuandika. Inapoanza kunong'onwa kwamba Wajerumani na Waingereza watapigana, anajiandikisha jeshini kwa hiari yake, na Khalifa anashangaa kwa nini mtu aende kufia ugomvi wa mabwana wawili wanaogombea nchi isiyo yao. Afiya anarudishwa kijijini. Hajafanya kosa lolote, ila kaka yake ameamua kwenda.

Sehemu inayofuata ni fupi, na ni miongoni mwa zinazouma kuliko zote. Mjomba anagundua kwamba msichana anajua kuandika. Kwake, mwanamke mwenye kalamu atawaandikia wanaume. Anampiga kwa fimbo hata mkono wake unaharibika, na haurudii tena nguvu zake zote. Kwa mkono ulio mzima Afiya anaandika kikaratasi cha maneno machache na kumpa muuza duka akifikishe kwa Khalifa. Khalifa anakuja kumchukua. Kilichosababisha apigwe ndicho kilichomwokoa. Kwa namna hiyo nyumba isiyo na mtoto inampata mtoto wake wa kwanza. Bi Asha anampokea, anamfundisha Kurani na kazi za nyumbani, ingawa ulimi wake mkali hauachi kumchoma.

Vita vilivyomchukua Ilyas vilianza mwezi Agosti 1914. Upande wa Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck ulianza na askari wa Kiafrika wapatao 2,500, na idadi hiyo ikapanda mara kadhaa kadiri vita vilivyoendelea. Mwezi Novemba 1914 walilishinda Tanga jeshi kubwa zaidi la Waingereza lililoletwa kutoka India. Baada ya hapo mara nyingi walikwepa kukabiliana na adui uso kwa uso, wakawa wanapiga na kuondoka, wakiwavuta Waingereza nyuma yao kutoka kaskazini hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi Lindi, na mwezi Novemba 1917 wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Jeshi linalotembea hivyo hula njiani. Askari walichukua nafaka, mifugo na watu. Barabara zilikuwa chache, na ndorobo waliua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo kila gunia na kila sanduku la risasi lilisafiri kichwani mwa binadamu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi, walilipwa kidogo kuliko wao, na walikufa zaidi, kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa walizidi 90,000. Huko Ugogo njaa iliyofuata iliitwa Mtunya. Kisha mwaka 1918 ikaingia homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Wake na watoto wa askari nao walikuwa wakifuata misafara, wakipika, wakibeba, wakizaa na kuzika njiani. Jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza limebaki katika mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, unaotajwa kila siku na watu waendao sokoni.

Riwaya inaviingia vita hivyo kupitia kijana mwingine, Hamza. Naye aliwekwa rehani kwa deni la baba yake, akamtoroka tajiri aliyemshika na kujiunga na jeshi. Ofisa mmoja anamchagua awe mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, na kumwambia kwamba siku moja atamsoma Schiller, mshairi wa Kijerumani. Mafundisho hayo yanamletea chuki. Askari wenziwe wanamtania kwa maneno machafu, na sajini wa Kijerumani hawezi kuvumilia kumwona Mwafrika akizungumza lugha yake. Vita vinapokaribia mwisho, wakati askari wengi wanatoroka usiku, sajini huyo anampiga Hamza upanga wa pajani. Anaachwa katika kituo cha misheni, na mchungaji na mkewe wanamwuguza mpaka anasimama. Jeraha lake lilitoka kwa upande aliokuwa akiupigania.

Vita vimekwisha, serikali imegeuka na kuwa ya Waingereza, na Hamza anafika katika mji ule wa pwani akichechemea. Nassor Biashara anamwajiri ghalani. Fundi seremala mzee aitwaye Sulemani anamfundisha kuishika randa. Khalifa, ambaye kwa umri na desturi amekuwa mtu wa barazani, anamwonea huruma kijana huyu asemaye machache na kumpa chumba cha kulala katika nyumba yake. Hamza hasemi alikotoka. Maumivu yanampata usiku, na ndoto zinamtoa jasho. Hakuna anayembana aeleze, maana katika miaka hiyo kila nyumba ina mtu ambaye haelezi.

Humo ndimo anamokutana na Afiya. Mapenzi yao yanakua kwa tahadhari, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za pwani ambako kijana na binti hawana pa kukaa wakazungumza. Hamza anatafsiri mistari michache ya Schiller kwa Kiswahili, anaiandika kwenye karatasi na kumpa. Lugha aliyofundishwa na ofisa ili amtumikie, sasa anaiposea mke. Na mwanamke anayeipokea karatasi hiyo anaweza kuisoma kwa sababu kaka yake alimfundisha, na anaishika kwa mikono ambayo mmoja wake ni dhaifu kwa sababu ya kusoma huko. Katika kurasa hizo chache riwaya inakusanya gharama yote ya kisomo kwa watu wa kizazi hicho. Wanaoana kwa baraka za Khalifa, na nyumba inapata wakazi wanne.

Hata hivyo wa tano hayupo, na hakuna ajuaye aliko. Tangu aandikishwe, Ilyas hakuleta barua. Kwa watu wa pwani, mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa ni mzigo wa aina yake. Aliyekufa husomewa khitma, huwekewa tanga, mkewe huingia eda, na mali yake hugawanywa. Aliyepotea hawezi kufanyiwa lolote katika hayo mpaka kifo chake kithibitike au kadhi aamue. Familia haina ruhusa ya kulia ikamaliza. Khalifa anauliza kwa kila askari aliyerudi. Afiya anaendelea kungoja, na kila mwaka unaopita unamwongezea woga wa kusikia jibu.

Mtoto wa kiume anapozaliwa, anapewa jina la mjomba wake, Ilyas. Ni jambo la kawaida kabisa. Jina la aliyetangulia hupewa mtoto ili lisipotee ukoo. Lakini hapa mwenye jina hajazikwa, na mtoto anakabidhiwa pamoja na jina swali ambalo watu wazima wameshindwa kulijibu. Kadiri anavyokua, mvulana anakuwa mkimya na mpweke. Anatunga hadithi na kujisimulia mwenyewe. Kisha anaanza kusikia sauti ikiuliza Ilyas yuko wapi. Analala macho wazi, anatetemeka, hali kwa raha.

Nyumba inafanya kile ambacho nyumba za mji huo zingefanya. Dua inasomwa, na baadaye anaitwa mwanamke mjuzi wa mambo ya pepo, kwa ubani na ngoma. Anasema aliyempanda mtoto anataka habari za Ilyas, na kwamba hatamwacha mpaka habari hizo zitafutwe. Hamza haamini sana mambo hayo, wala hayapuuzi, na Gurnah hamlazimishi msomaji achague. Mwenye kuamini pepo atasoma kisa cha pepo. Mwenye kusoma elimu ya nafsi ataona huzuni ya mama ikimwingia mtoto. Wote wawili watafika mahali pamoja: vita vilivyokwisha kabla mtoto hajazaliwa vimemfanya augue, na dawa yake ni habari.

Hamza anaandika barua. Anamwandikia mke wa mchungaji aliyemwuguza, amwombe aulizie huko kwao Ujerumani. Jibu linakuja baada ya muda mrefu. Ilyas hakufa vitani. Alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza, na baadaye akafika Ujerumani. Habari hiyo inapunguza ugonjwa wa mtoto bila kumaliza kungoja, kwa sababu haielezi kwa nini mtu aliye hai asiandike nyumbani. Nayo barua yenyewe inamletea Hamza maswali kutoka kwa polisi wa Kiingereza, wasioelewa fundi seremala mwenye kuchechemea ana uhusiano gani na Ujerumani. Muda si muda vita vya pili vinaanza na njia ya barua inafungwa.

Kijana Ilyas anajiunga na jeshi la Waingereza, King's African Rifles, ambalo raia walizoea kuliita keya. Mjomba alivaa sare ya Mjerumani na mpwa akavaa ya Mwingereza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na ugomvi wake mwenyewe. Mpwa anarudi salama. Anakuwa mwalimu, anaandika hadithi, kisha anaingia kazi ya redio. Yule mtoto aliyekuwa akisikia sauti gizani sasa sauti yake inasikika na wengine. Mwaka 1963, baada ya uhuru wa Tanganyika, anapata nafasi ya kwenda Bonn, Ujerumani ya Magharibi, kusomea utangazaji. Huko anafanya utafiti ambao wazazi wake hawakuweza kuufanya, kwa sababu yuko katika nchi yenye makaratasi, anaijua lugha, na ana kisingizio cha kazi kinachomfungulia milango ya kumbukumbu za serikali.

Anachokikuta ni kizito. Mjomba wake alibadili jina, akaoa Mjerumani, akazaa watoto, akaishi kwa kuimba. Alidai nishani ya vita alivyopigana. Alionekana katika maandamano ya wale waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni, chini ya bendera ya Wanazi. Kisha akashtakiwa kwa kuvunja sheria za Wanazi za utengano wa rangi, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko akafa mwaka 1942.

Mkasa huu unafanana kwa karibu na maisha ya mtu aliyekuwepo kweli, Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, baba yake akiwa askari wa Schutztruppe mwenye asili ya Sudani. Aliingia vitani na baba yake akiwa bado mtoto, akajeruhiwa Mahiwa mwezi Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya kwake na ya baba yake ambayo haikulipwa. Aliambiwa amechelewa. Alibaki huko, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, nyingi zikiwa za kuusifu ukoloni. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Alioa mwaka 1933. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia Sachsenhausen. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa barabarani Berlin, mbele ya mahali alipoishi.

Kumbukumbu ya vita vile vya kwanza ipo Dar es Salaam pia. Sanamu ya Askari ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927, ikimwonyesha askari aliyeshika bunduki yenye singe. Ni kumbukumbu ya askari kwa jumla, haina jina la mtu mmoja. Kwa familia iliyopoteza mtu, kumbukumbu ya jumla haitoshi. Familia ya Afiya haikutaka kujua askari walikuwa hodari kiasi gani. Ilitaka kujua mtu wao mmoja alifia wapi, na nani alikuwa naye.

Mtangazaji kijana analipata jibu la swali hilo la mwisho, na ndilo analowaeleza wazazi wake. Ilyas hakuwa peke yake kambini. Mwanawe mmoja, Paul, alimfuata kwa hiari yake, akakaa naye na kufa huko. Kaka aliyemwacha mdogo wake kijijini akaenda zake vitani alipata mtoto ambaye hakukubali kumwacha. Afiya, aliyeyangoja maelezo ya kuachwa kwake tangu utotoni, hapati maelezo hayo. Anapata habari kwamba alikuwa na mpwa, na kwamba kaka yake alikufa akiwa na mtu wa damu yake ubavuni.